Kitanda Hakitibu Saratani

Mwandishi aliyewataka wagonjwa wa saratani wajilaze tu hadi wapone ana huruma, ila hoja yake haina mashiko. Kulala mchana kutwa hudhoofisha misuli na kuzidisha uchovu uleule anaouogopa. Mwaka 2019, jopo lililoitishwa na Chuo cha Tiba ya Michezo cha Marekani lilipendekeza mazoezi ya wastani, dakika 30, mara 3 kwa wiki. Jimu ya nini? Kuzunguka ua, kuketi na kuinuka kitini, kusukuma ukuta kwa viganja: yanatosha kuanzia. Mwenye homa, upungufu mkubwa wa damu au saratani iliyofika mifupani amwone daktari kwanza. Hiyo ni tahadhari, si marufuku. Ndugu wauguzaji, mgonjwa akitaka kufagia ua, mwacheni afagie.