Injini ndogo: je, bluprinti inafaa gharama yake?

Ikiwa una kijana aliyenunua gari dogo, hasa kama anasomea mambo ya mashine pale Juja au Thika, huenda neno bluprinti limeshaingia nyumbani mwako. Kwanza aliomba pesa za kufanyia injini ovahoo. Wiki iliyofuata akaja na hesabu nyingine, kubwa kuliko ya kwanza, akisema injini haitafunguliwa na kufungwa tu bali itafanyiwa bluprinti. Kabla hujagusa pesa za karo, msomaji, hebu tukitazame kitu hiki.

Kiwanda hakitoi vipande vinavyolingana kabisa. Kila kipande kina kipimo chake, pamoja na ruhusa ndogo ya kuzidi au kupungua. Pistoni moja yaweza kuwa nzito kuliko mwenzake kwa gramu kadhaa, na gari likatembea miaka 15 bila mtu kujua. Anayefanya bluprinti haikubali ruhusa hiyo. Hupima kila kitu, akasaga hapa na kubadilisha pale, mpaka vyote vifuate kipimo bora kilichoandikwa na waliounda injini.

Chukua injini ya cc 1300 yenye silinda nne. Kila silinda ni cc 325. Kama mgandamizo ulioandikwa ni 9.5 kwa 1, nafasi inayobaki juu ya pistoni ikifika kileleni ni cc 38 hivi. Nafasi hiyo ikizidi kwa cc 2 tu, mgandamizo wa silinda hiyo unashuka hadi 9.1. Ikipungua kwa cc 2, unapanda karibu na 10. Injini ni moja, lakini silinda zake zinavuta kama ng'ombe wasiolingana kwenye plau. Fundi makini hupima upande wa hedi kwa bomba la sindano, mafuta ya taa na kipande cha plastiki angavu kilichotobolewa. Vifaa hivyo ni rahisi, ila kazi yenyewe hula asubuhi nzima. Kwangu mimi hii ndiyo sehemu tamu kuliko zote, na mwanafunzi aweza kuifanya mwenyewe hedi ikiwa mezani.

Katika mashindano, kazi hii haina ubishi. Injini inapozunguka mara 7,000 kwa dakika, nguvu zinazoivuta pistoni huku na huku ni mara nne ya zile za mizunguko 3,500, na gramu zilizozidi huanza kudai haki yao. Tena yako makundi ya magari ambayo kanuni haziruhusu kubadilisha vipande vingi, kwa hivyo kupima kwa makini ndiyo njia iliyobaki. Safari Rally imewahi kuzipa heshima injini ndogo: Joginder Singh alishinda 1974 na 1976 kwa Mitsubishi Lancer ya cc 1600, na 1993 Patrick Njiru alimaliza wa 12 kwa Subaru Vivio ya cc 658.

Lakini kijana wako haendi Safari. Anatoka Thika, anapita Ruiru, anaingia Nairobi kwa barabara kuu iliyofunguliwa 2012, na sheria haimruhusu kupita kilomita 110 kwa saa. Isitoshe, Thika iko mita 1,500 hivi juu ya bahari. Hewa ya huku ni nyepesi, na injini inayovuta hewa yenyewe hupoteza kama asilimia 15 ya nguvu zake. Bluprinti hairudishi hewa hiyo. Ile Vivio ilikuwa na pampu ya kuisukuma.

Basi mwambie hivi: bluprinti nzima, hapana, sehemu yake, ndiyo. Uzito wa pistoni na konrodi usawazishwe. Pengo la ringi lipimwe; kwa silinda ya milimita 75 huwa karibu milimita 0.3. Nafasi ya mafuta kati ya beringi na kranki isikadiriwe kwa kidole, maana ni nyembamba kuliko unywele. Hapo ndipo injini nyingi zilizofanyiwa ovahoo hufia.

Na kabla ya kulipa, iwe ni karakana ya Ruiru au ya Makongeni, omba kuona maikromita. Kisha dai karatasi ya vipimo, kabla na baada ya kazi, silinda kwa silinda. Wapo wanaochonga silinda, wakatia ringi mpya na kuiita bluprinti. Asiyeweza kukuandikia namba hakupima.

Kama ni pikipiki ya cc 125 inayozungumziwa, habari ni fupi zaidi. Ina pistoni moja tu, haina mwenzake wa kulinganishwa naye. Pima ringi, pima beringi, funga.