Roketi ya Maji na Mtihani wa Istilahi

Katika makongamano yetu husikika mara kwa mara dai kwamba Kiswahili hakijakomaa kiasi cha kubeba sayansi, na wanaolipinga hukimbilia orodha za istilahi. Kwa maoni yangu, pande zote mbili huipima lugha mahali pasipofaa. Istilahi hupimwa kazini. Tuchukue kazi moja isiyo na gharama kubwa: kuijaribu roketi ya maji yenye hatua mbili, iliyoundwa nyumbani.

Mwili wake ni chupa za soda za plastiki. Maji hutiwa kiasi cha thuluthi moja ya chupa, kisha hewa hushindiliwa kwa pampu ya baiskeli. Mdomo ukiachiliwa, hewa huyasukuma maji chini, nayo roketi hupaa kwa kanuni ya tatu ya Newton. Hapo hapana utata. Utata uko kwenye kiungo. Hewa hupanda kutoka chupa ya chini hadi ya juu kupitia vali isiyoiruhusu kurudi. Kanieneo ya chini ikishuka, kishikio hulegea na chupa ya juu huendelea kwa nguvu zake yenyewe. Kishikio kikilegea mapema, nguvu za chini hupotea bure; kikichelewa, roketi huwa imekwisha kuinama, na hatua ya juu huenda ikaelekea kwa watazamaji. Ndiyo maana wajuzi hukijaribu kiungo peke yake kwanza. Chupa nazo hujazwa maji pomoni kabla ya kutiwa kanieneo, kwani maji hayashindiliki kwa urahisi kama hewa, na chupa ikipasuka haina kishindo cha bomu.

Sasa tuandike ripoti. Nomino "utengano" haitutoshi. Je, kishikio kilifyatuka au kilifyatuliwa? Chupa ya juu ilichomoka au ilichomolewa? Katika kuitafuta sababu ya ajali, swali ni hilo hilo, na sarufi yetu hulijibu kwa mnyambuliko wa kitenzi. Kauli ya kutendeka na ya kutendwa, ambazo wengi wetu huzikariri kwa ajili ya mtihani tu, hapo huwa vifaa vya maabara. (Anayeshika pampu atasema "presha", si "kanieneo"; sioni kosa, mradi ripoti ishike neno moja.)

Sisi Wakenya hatuna udhuru. Tarehe 12 Desemba 1970, roketi ya Scout, yenye hatua nne, iliruka kutoka jukwaa la San Marco karibu na Malindi ikiwa na setilaiti ya kwanza iliyotengwa kuchunguza miale ya eksirei angani. Iliitwa Uhuru, kwa heshima ya sikukuu yetu. Kiswahili kikapewa jina, kikanyimwa kazi.

Napendekeza basi vyama vyetu viwaendee wanafunzi wa fizikia na uhandisi. Wao warushe, sisi tuandike; kisha kundi jingine liunde roketi hiyo upya kwa kuifuata ripoti yetu pekee. Chupa ya pili isipochomoka, tutaketi pamoja tutafute ni sentensi gani iliyowapoteza.