Mambo ya Mifugo: Mbwa wa Kando ya Msitu na Kupe Wake

Wakulima wakaao kando ya msitu wa Kakamega hawafugi mbwa kwa anasa. Mahindi yakianza kukomaa, kima na nyani hutoka mwituni tangu alfajiri, na shamba lisilo na mbwa huvunwa na wanyama kabla ya mwenyewe. Kwa hiyo mbwa akianguka kwa homa wakati wa mahindi mabichi, hasara yake si ndogo. Na mara nyingi homa hiyo yatokana na kupe.

Ni ajabu kwamba mtu yule yule apelekaye ng'ombe wake joshoni kila juma humwacha mbwa ajikune mwenyewe. Wengi hudhani kupe ni kupe. Sivyo. Kupe wa masikio ya ng'ombe, aletaye ndigana, hampi mbwa ugonjwa huo. Mbwa ana kupe wake, nao hasa ni wa namna mbili.

Wa kwanza ni kupe wa kahawia, mwenyeji wa nyumbani kuliko wa msituni. Akisha kushiba damu hujiangusha, hupanda ukutani na kujificha katika nyufa za udongo, na huko jike aweza kutaga mayai hata 4,000. Watoto wake wakitoka humrudia mbwa. Wa pili ni kupe wa manjano. Angali mdogo hunyonya damu ya panya wa porini, na akikomaa hungoja majanini apite mbweha, kanu au mbwa. Mbwa afuataye watoto waendao kuokota kuni humchukua huyu kwa urahisi.

Kupe wa manjano huleta homa iharibuyo chembe nyekundu za damu. Mbwa hukataa chakula, ufizi wake huwa mweupe, na mkojo hugeuka rangi kama kahawa. Asipotibiwa aweza kufa kwa siku chache. Tena kupe jike mwenye vijidudu huvirithisha mayai yake, hata kizazi kipya hutoka yaini kikiwa navyo tayari.

Ugonjwa wa kupe wa kahawia ni wa hila zaidi. Mbwa hushikwa na homa, huonekana amepona, na mwenyewe husahau. Kisha baada ya miezi mingi mbwa hukonda na kutokwa na damu puani. Ugonjwa huu ulielezwa kwanza Algeria mwaka 1935, na katika vita vya Vietnam uliua mbwa wengi wa jeshi la Marekani, wanyama waliolishwa vizuri na kutunzwa na madaktari. Basi asiseme mtu kwamba ni maradhi ya mbwa koko tu. Dawa ya doksisaiklini huutibu ikianzwa mapema, lakini homa ya mkojo mweusi yataka dawa nyingine. Ndiyo sababu daktari wa mifugo aitwe kabla ya kununua chochote dukani.

Wanadamu nao hawakusalimika. Iko homa ya kupe ambayo madaktari huiita kwa jina la Kenya: mgonjwa huumwa kichwa, hutoka vipele, na mahali alipoumwa na kupe hubaki kidonda cheusi. Kwa hiyo kumpasua kupe kwa kucha, kama wafanyavyo watoto, ni hatari. Ashikwe kwa kibano karibu kabisa na ngozi, avutwe polepole bila kusokotwa, kisha atiwe katika spiriti.

Mafuta ya taa yasipakwe mbwa. Huunguza ngozi, naye huyalamba. Dawa ya josho imepimwa kwa ng'ombe, wala isimwagiwe mbwa kwa kukisia. Dawa yenye permethrini, ijapokuwa yamfaa mbwa, huua paka. Nyufa za kibanda zizibwe kwa udongo na magunia ya kulalia yachomwe. Kila jioni mbwa atokapo msituni akaguliwe ndani ya masikio, shingoni, na katikati ya vidole, ambako kupe wachanga, wadogo kama chembe ya ufuta, hupenda kukaa.