MIZANI YA HAKI ISIGUSWE

Mbunge asimamapo hapa Dodoma kusema juu ya njaa, maji au bei ya alizeti, kila mtu humwelewa upesi. Lakini asimamapo kutetea uhuru wa mahakama, wengine husinzia, na wengine hunong'ona kwamba huyo awatetea mabwana wakubwa wenye majoho. Sisi twasema wazi kwamba wanong'onao hivyo wamekosea. Uhuru wa mahakama ni mali ya mkulima wa Mvumi na mfanyakazi wa Kizota kabla haujawa mali ya jaji yeyote. Mkubwa ana njia nyingi za kujilinda. Mnyonge ana hiyo moja tu.

Wazee wa Ugogo wanayajua haya. Wakati wa ukoloni Bwana Shauri alikusanya kodi, akamkamata asiyelipa, kisha akaketi kitini kumhukumu mtu yule yule aliyemkamata. Watemi nao walipewa kazi hizo mbili pamoja, kutawala na kuhukumu. Aliyedhulumiwa alimshtaki nani, na kwa nani? Ilikuwa kesi ya nyani kupelekwa kwa ngedere. Ndiyo sababu mwaka 1963 Serikali ya TANU iliyaondoa mamlaka ya machifu, na katika mwaka huo huo ikatunga sheria ya mahakama za mahakimu, iliyoziunganisha mahakama za mwanzo na Mahakama Kuu katika mti mmoja. Mtawala akabaki na utawala wake, hakimu akabaki na mizani yake. Kwa hiyo asidhani mtu kwamba jambo hili tumeletewa na wageni. Wageni ndio waliotunyima.

Tukumbuke pia mwaka 1964. Askari waliasi katika kambi ya Colito, na wengine Tabora, na nchi ikatikisika. Waliposhtakiwa mbele ya mahakama maalum, walipewa vifungo ambavyo Serikali iliviona vyepesi mno. Mwalimu Nyerere hakuficha masikitiko yake, wala hakuna aliyemzidi kwa uchungu. Hata hivyo hakuibadili hukumu ile. Ikiwa yeye aliyeasiwa alijizuia, ni kiongozi gani leo atakayesema kwamba jambo lake ni zito kuliko lile?

Lakini haifai kujisifu bila kukiri upungufu wetu. Sheria ya mwaka 1964 juu ya usalama wa ajira iliwalinda wafanyakazi wasifukuzwe ovyo, na hilo lilikuwa jema. Hata hivyo iliwafungia mlango wa mahakama. Aliyeachishwa kazi alikwenda kwenye baraza la usuluhishi, akakata rufaa kwa Waziri, na neno la Waziri likawa la mwisho. Sheria ya kazi ya mwaka 2004 ndiyo iliyoifuta ile ya zamani, na leo shauri la mfanyakazi laweza kufika Mahakama Kuu, Divisheni ya Kazi. Mfanyakazi aulizwe ni lipi bora: kungoja huruma ya mkubwa, au kusimama mbele ya jaji asiyemwogopa mkubwa huyo?

Jirani zetu wa Uganda walilipa kwa damu. Tarehe 21 Septemba, 1972, askari wa Idi Amin walimtoa Jaji Mkuu Benedicto Kiwanuka katika Mahakama Kuu mjini Kampala, naye akauawa. Muda mfupi kabla ya hapo alikuwa ameamuru aachiliwe mtu aliyeshikwa kinyume cha sheria. Tangu siku ile, ni nani katika Uganda ya Amin angemwendea hakimu kuomba haki? Jaji Mkuu akichukuliwa hivyo, mwenye jembe amekwisha.

Kwetu hatari haiji na bunduki, huja polepole. Mwezi wa Julai, 2012, Ndugu Tundu Lissu, mbunge wa Singida Mashariki kwa wakati ule, alisema Bungeni kwamba jaji anayeongezewa muda kwa mkataba baada ya umri wa kustaafu hawezi kuwa huru mbele ya yule ampaye mkataba. Serikali ilimjibu na kumpinga. Alikaa upande wa upinzani, nasi twajua wengi walimsikiliza kwa kumtazama alikoketi. Twaona hilo ni kosa. Hoja ipimwe kwa uzito wake. Ibara ya 100 ya Katiba yamlinda mbunge kwa maneno asemayo Bungeni, na ibara ya 107B, iliyotiwa mwaka 2000, yasema mahakama zote ni huru na zitafuata Katiba na sheria tu. Ulinzi huo wa kwanza una faida gani, ikiwa mbunge hatautumia kuutetea wa pili?

Uhuru huo wataka na fedha. Hakimu aombaye karatasi na mafuta ya gari kwa Mkuu wa Wilaya, atamhukumuje Mkuu huyo akikosea? Bunge lilifanya vema mwaka 2011 kuunda Mfuko wa Mahakama, na mwezi wa Aprili, 2025, jengo la makao makuu ya Mahakama likafunguliwa hapa Dodoma. Jengo ni zuri, lakini haki haikai katika kuta. Nao mahakimu wajue kwamba uhuru si kibali cha kuchelewesha kesi wala kupokea rushwa. Hakimu anunuliwaye si huru. Amepata bwana mwingine tu.

Mji wetu unakua, na kila siku yuko mtu anayegombania kiwanja au shamba la babaye. Mara nyingi anayeshindana naye ni mamlaka yenyewe. Mtu huyo hana jamaa ofisini wala gari. Ana shauri lake tu, na mlango wa mahakama ulio wazi. Kwa hiyo twawaomba wanachama wote, viongozi kwa wafuasi: msimpigie simu hakimu, msimtumie mjumbe, msimtishe kwa uhamisho. Mkishindwa, kateni rufaa kama watu wengine. Ukipindisha mizani leo ikufae wewe, kesho mwingine ataipindisha, nawe utakuwa upande wa pili.