Kijana wa Jego: kabla ya kusaka keja mbali, jua shamba la kwenu limeandikwa jina la nani

Kama wewe ni wa Jego, Vanga, Kiwegu au Majoreni na umefika umri wa kutaka mlango wako mwenyewe, swali hili unalijua. Uendelee kutafuta nyumba huku huku, ama ufunge mizigo uende Ukunda, Mombasa, Nairobi, ama hata uvuke mpaka uingie Tanga? Ukiuliza barazani, wazee watakwambia mtu ni kwao. Ukiwapigia wenzako walioko Diani, watakwambia unachelewa.

Hata wewe uliye Mombasa au Nairobi tayari, na kwenu ni Kwale, usiruke ukurasa huu. Kuna kitu ulikiacha nyuma ambacho huenda hujakiangalia.

Tuanze na kazi, maana ndiyo inayowahamisha wengi. Jego iko kwenye njia ya kutoka Lunga Lunga kwenda Vanga. Watu hujenga nyumba zao wenyewe, kwa hivyo vyumba vya kupangisha ni vichache, na kinachopatikana chenye stima na maji ya karibu hakikai wazi. Riziki ni bahari, shamba, bodaboda na biashara ndogo ya mpakani. Kazi ya mshahara wa kila mwezi, kwa wengi, iko Diani, na kutoka Lunga Lunga hadi Likoni ni karibu kilomita 100.

Piga hesabu. Huu ni mfano tu, weka tarakimu zako. Tuseme umepata kazi Diani ya shilingi 18,000 kwa mwezi. Ukisema utakuwa ukienda na kurudi Jego kwa nauli ya 600 kwa siku, siku 26 zitakula 15,600. Unabaki na 2,400, na bado hujala. Ukipanga chumba Ukunda cha 5,000, hata ukiongeza maji na stima, unabaki na kitu. Mwenye kazi Diani hana haja ya kuumiza kichwa: ahamie karibu na kazi.

Shida iko kwa yule anayehama kwanza ndipo atafute kazi. Depositi 5,000, kodi ya mwezi wa kwanza 5,000, godoro, jiko, sufuria, ndoo. Kabla hujapeleka barua hata moja ya kuomba kazi, pesa ya miezi miwili ya kibarua imekwisha. Na hapa msimu ni muhimu kuliko bidii. Mvua za masika zikianza, hoteli za Diani hupungukiwa na wageni, na vibarua ndio huwa wa kwanza kuambiwa wakapumzike. Anayefika Aprili na begi lake anaingia wakati wengine wanatoka. Ukilazimika kwenda bila kazi, afadhali ufike wakati hoteli zinajiandaa kwa wageni wa Julai na Agosti au wa Disemba.

Tena usiweke maisha yako yote juu ya mwajiri mmoja, hata awe mkubwa vipi. Pwani ya kusini imeliona hili zaidi ya mara moja. Kiwanda cha sukari cha Ramisi kilifungwa mwaka 1988, na vijiji vilivyokitegemea vikabaki vikiangalia bomba la moshi lisilotoa moshi. Fujo za Likoni za Agosti 1997 ziliwafukuza watalii. Mwaka 2020 korona ikafunga hoteli. Machimbo ya Base Titanium yalisafirisha shehena ya kwanza mwaka 2014, na uchimbaji ukakoma mwisho wa 2024. Waliokuwa wamepanga nyumba kwa kutegemea kazi ile, na waliokuwa wamejenga nyumba za kuwapangisha, wote walilazimika kufikiria upya. Nyumba ya kupanga inahamishika. Ukipanga, panga ukijua hivyo.

Kuna jambo jipya ambalo wengi bado hawajaliingiza kwenye hesabu. Barabara ya Dongo Kundu, yenye madaraja ya Mwache na Mteza, ilikamilika 2024. Sasa mtu anaweza kutoka Kwale akafika Miritini, penye stesheni ya reli ya SGR, bila kusubiri feri ya Likoni. Kwa anayefanya kazi upande wa Miritini au Changamwe, kuishi kusini kumewezekana kwa namna ambayo haikuwepo miaka michache nyuma. Lakini hii inamfaa zaidi wa Ng'ombeni, Tiwi au Ukunda. Wa Jego bado yuko mbali.

Sasa tuseme umeamua kwenda na umepata chumba. Jua unasimama wapi kisheria. Sheria ya kudhibiti kodi, ile yenye baraza lake la kusikiza kesi za wapangaji, inahusu nyumba za kodi isiyozidi shilingi 2,500 kwa mwezi. Chumba chako cha 5,000 kiko nje ya kinga hiyo. Kinga yako ni karatasi: mkataba ulioandikwa, risiti, na jumbe za M-Pesa usizozifuta. Landilodi akikwambia "sisi hapa tunaaminiana tu", mwambie na wewe unamwamini, halafu umpe kalamu.

Na zile nyumba za serikali? Ushuru wa nyumba unakatwa asilimia 1.5 ya mshahara, na mwajiri anaongeza kiasi kama hicho. Sheria ya Nyumba Nafuu ya 2024 inamweka anayepata chini ya 20,000 kwa mwezi kwenye kundi la nyumba za kijamii. Jisajili, hakuna hasara. Ila kukatwa ushuru peke yake hakukupi nyumba, kwa hivyo usiahirishe maisha ukisubiri ufunguo.

Mpaka hapo utasema basi, jibu ni kuhama. Pengine ndiyo. Lakini kuna gharama moja ambayo haimo kwenye nauli wala kodi, nayo ni shamba unaloliacha.

Ardhi ya Pwani ina historia ngumu. Mwaka 1908 serikali ya kikoloni ilipitisha sheria ya hatimiliki kwa ukanda wa maili kumi uliokuwa chini ya Sultani wa Zanzibar. Aliyedai ardhi yake kwa maandishi aliandikishwa. Ambaye hakudai, kwa kutojua au kwa kuwa kwao shamba lilijulikana kwa minazi ya babu na makaburi, ardhi yake ikahesabiwa kuwa ya serikali. Ndiyo sababu mpaka leo utapata familia iliyokaa mahali vizazi vinne inaitwa skwota. Karatasi ilishinda minazi zamani, na hata leo inashinda.

Wengine hata mlango wa karatasi walikuwa wamefungiwa. Wamakonde wa Makongeni, Msambweni, walikaa Kenya miongo mingi bila vitambulisho mpaka walipotembea hadi Nairobi mwaka 2016 kudai haki yao. Wapemba, ambao wengine ni wavuvi wa pwani hii hii, walitambuliwa na serikali mwaka 2023. Bila kitambulisho huwezi kuandikisha shamba kwa jina lako. Kama kwenu ndio kwanza mmepata vitambulisho, shamba liwe jambo la pili.

Hatari kwa anayehama inakuja kwa njia mbili. Ya kwanza: kama shamba lina hati ya mtu binafsi, na mtu mwingine akalikalia waziwazi bila ruhusa ya mwenyewe kwa miaka 12, sheria ya Kenya inamruhusu kwenda kortini kuomba liwe lake. Miaka 12 inaonekana mingi ukiwa na miaka 22. Ukiwa Nairobi ukilipa kodi na karo, inapita.

Ya pili ndiyo inayowapata wengi. Hati iko kwa jina la babu aliyefariki, na hakuna aliyefungua kesi ya mirathi. Aliyebaki nyumbani anauza kipande, mnunuzi anamwaga mchanga na mawe, na wewe unapata habari kwa simu. Kisheria, kuuza ardhi ya marehemu kabla korti kuwaidhinisha wasimamizi wa mali ni makosa. Lakini kesi ya kuvunja mauzo ni ndefu na ghali, na wa kushtakiana ni damu moja.

Kwetu Kwale kuna fundo jingine. Kwa Wadigo wa zamani mali ilifuata upande wa mama, na mtoto wa dada alimrithi mjomba wake. Dini ya Kiislamu inawapa watoto wa marehemu, wa kiume na wa kike, mafungu yao. Ziko familia ambazo hazijawahi kukaa chini kukubaliana ni njia ipi inafuatwa, na kimya hicho kinamfaa yule aliyepo, si wewe uliye mbali. Kwa Waislamu, Mahakama ya Kadhi inasikiza mirathi. Usikubali dada zako waachwe nje ya mazungumzo kwa sababu wameolewa mbali. Leo wao, kesho ni wewe.

Je, kuvuka mpaka? Horohoro iko pale, Tanga si mbali, na wengi tuna ndugu huko. Kwenda kutembea ni sawa. Kununua kiwanja kwa jina lako ni habari nyingine, kwa sababu sheria za ardhi za Tanzania za 1999 hazimruhusu asiye raia kumiliki ardhi isipokuwa kwa uwekezaji ulioidhinishwa. Tena Julai 2025 serikali ya Tanzania ilitoa amri inayowazuia wasio raia kufanya biashara kadhaa ndogo, zikiwemo uwakala wa pesa kwa simu na ufundi wa simu. Hizo ndizo biashara ambazo kijana wa kwetu angeanza nazo. Usimwage akiba yako huko kwa kuamini kuwa lugha moja ni uraia mmoja.

Na ukiamua kubaki ujenge, chagua mahali kwa macho ya mzee. Mto Umba unatoka milima ya Usambara, na maji yake yakija kwa wingi hutanda mabondeni kuelekea Vanga. Uliza mafuriko makubwa yalifika wapi kabla hujachimba msingi. Kiwanja cha bei rahisi mara nyingi kina sababu yake.

Kwa hivyo uamuzi uko hivi. Mwenye kazi ya uhakika mbali, ahame, na asione haya. Asiye na kazi, abaki kwanza, aweke akiba ya miezi mitatu, na aende msimu ukifunguka. Lakini wote wawili, kabla ya kupanda matatu, wafanye mambo matatu.

Moja, pata nambari ya ploti ya kwenu, nenda ofisi ya ardhi Kwale na kitambulisho chako, uulizie imeandikwa jina la nani. Usitosheke na kuambiwa "hati iko kwa mjomba".

Mbili, kama aliyeandikwa amefariki, itisheni kikao, muende kwa chifu mpate barua ya warithi, mfungue mirathi. Kama kuna anayenyemelea kuuza, mrithi anaweza kuomba msajili wa ardhi aweke zuio kwenye hati ili isihamishwe kimyakimya.

Tatu, usiliache shamba tupu. Kama ndugu au jirani analilima, muandikishiane kuwa analima kwa ruhusa ya mwenyewe. Karatasi hiyo ndiyo itakayoonyesha, miaka 12 ikipita, kwamba alilikalia kwa ruhusa.

Yote hayo yanaweza kukugharimu nauli ya Kwale mara mbili au tatu, ada za ofisi na maneno makali kwenye kikao. Lakini depositi ya chumba Ukunda utailipa tena kila utakapohama.