Kazi Bila Barua

Neno “kibarua” lina asili ambayo yafaa ikumbukwe. Zamani, katika miji ya pwani yetu, mfanyakazi wa kutwa alipewa kijikaratasi, yaani barua ndogo, kuonyesha kwamba amefanya kazi na astahili ujira wake. Kijikaratasi hicho ndicho kilichompa jina. Maisha yake yalikuwa ya dhiki, na ndiyo sababu wafanyakazi wa Mombasa waligoma Januari 1947, na wale wa bandari ya Dar es Salaam wakagoma Septemba mwaka huo huo. Lakini kibarua yule alikuwa na ushahidi mkononi.

Leo yuko mfanyakazi ambaye mara nyingi hana hata huo. Twamsema mbunifu wa bidhaa za kidijitali anayejitegemea. Huyu ndiye apangaye yale tuyaonayo katika kioo cha simu: kitufe kikae wapi, maneno yasemeje, hatua ipi itangulie. Wengi hudhani kwamba kazi yake ni kupamba kwa rangi tu. Hebu mfikirini mama anayetuma ada ya mwanawe kwa simu. Asipoelewa maandishi yaliyo mbele yake, fedha zaweza kumfikia mtu asiyemjua. Mbunifu hodari huketi na watu kama mama huyo, akaona wanapokwama, kisha akachora upya. Kazi hiyo huchukua majuma, na sehemu yake kubwa haionekani kwa macho.

Katika kutoonekana huko ndimo dhuluma hupenya. Kazi hutolewa kwa ujumbe wa simu. Michoro hukubaliwa, kisha hutakiwa marekebisho, na marekebisho juu ya marekebisho. Wengine huomba “jaribio” la bure, kisha hulitumia. Siku ya malipo ikifika, mbunifu huambiwa kwamba hali ya fedha imebadilika. Naye hana la kuonyesha, kwa kuwa hana karatasi.

Watakuwapo watakaosema kwamba huyu ni mfanyabiashara aliyechagua uhuru wake, basi avumilie. Twakubali kwamba uhuru huo una thamani: kijana aliyeko Dodoma aweza kumfanyia kazi mteja wa Nairobi au London bila kuhama kwao. Lakini jina la kujitegemea lisiwe kichaka cha mwajiri kujifichia. Katika Tanzania, kifungu cha 61 cha Sheria ya Taasisi za Kazi ya mwaka 2004 kinatazama hali ya kazi yenyewe, bila kujali mkataba umeandikwaje. Mtu huhesabiwa kuwa mwajiriwa, mpaka ithibitishwe vinginevyo, ikiwapo hata dalili moja kati ya zilizotajwa: saa zake zatawaliwa na mwingine, au apewa zana za kazi, au amtumikia mtu mmoja tu, au amemfanyia mtu huyo kazi kwa wastani wa saa 45 kwa mwezi katika miezi mitatu iliyopita. Ni wabunifu wangapi “wanaojitegemea” walio katika hali hiyo bila kujua?

Kwa wale wanaojitegemea kwa kweli, mji wa New York umeonyesha njia. Tangu Mei 2017, sheria ya huko yataka kazi ya dola 800 au zaidi iwe na mkataba wa maandishi, na kama siku ya malipo haikutajwa, ujira ulipwe katika siku 30 baada ya kazi kumalizika. Hatuoni sababu ya nchi zetu kushindwa kutunga sheria ya namna hiyo.

Wakati tukiingoja, wabunifu wenyewe wasikae bure. Mali bila daftari hupotea bila habari. Iandikwe kazi ni ipi, marekebisho ni mara ngapi, michoro itakuwa ya nani na lini; tena sehemu ya malipo itolewe kabla ya kuanza. Wajiunge pamoja, wakubaliane kwamba hakuna atakayefanya jaribio la bure, maana mmoja akikataa peke yake, kazi hupewa jirani. Navyo vyama vya wafanyakazi viwafungulie mlango watu hawa, ambao hawana lango la kiwanda wala kengele ya kuwakusanya.

Kibarua wa zamani alidai zaidi ya kijikaratasi chake. Mbunifu wa leo na aanze kwa kukidai.