Bibi alipishwa mpaka dirishani

Leo sina stori za mapenzi wala za nani kafumaniwa na nani. Leo nina stori ya bibi yangu, na naomba uisome mpaka mwisho kwa sababu na wewe umo, tena umo mfukoni kabisa.

Jumamosi iliyopita nilikuwa nimejipanga freshi kwa harusi ya mshikaji wangu pale Sinza. Shati limepigwa pasi, viatu vinang'aa, mchango wa kadi nimemaliza. Saa mbili asubuhi simu ikaita, mjomba: "Njoo, bibi yako presha imempanda, na anakutaja wewe tu." Nikavua shati la harusi, nikapanda basi, na harusi ikawa ndiyo basi.

Nilimkuta kakaa barazani, kanga kajifunga kichwani.

"Shikamoo bibi."

"Marahaba mume wangu. Mbona umekonda, huko mjini hawakupi chakula?"

Mgonjwa ndiye huyo! Nikamtia kwenye bajaji mpaka zahanati ya kijiji. Ukutani kuna lile tangazo unalolijua, 'Mpishe mzee apate huduma kwanza'. Na kweli watu walimpisha, hata kina mama wenye watoto mgongoni. Akatoa kitambulisho chake cha matibabu ya wazee, kakifunga kwenye mfuko wa nailoni kama noti ya elfu kumi. Nesi mpole, akampima presha, hakuna aliyetuomba hata senti tano. Nikasema moyoni, kumbe Bongo mambo siku hizi shwari!

Halafu nesi akainua macho. "Dawa za presha zimekwisha. Mtanunua nje."

Duka la dawa la pale kijijini hawakuwa nazo, ikabidi kwenda mjini, kwenda na kurudi. Nauli peke yake ilinitoa jasho, na dawa nazo hazikutolewa sadaka. Tuliporudi nikamwambia bibi kwa kujitetea, "Lakini angalau walikupisha."

Akanitazama. "Nimepishwa, mume wangu. Nimepishwa mpaka dirishani. Sasa dirishani kuna nini?"

Sikuwa na jibu. Jumatatu nikalipeleka swali hilo kijiweni kwetu, maana pale pana jamaa mmoja wakili, ingawa kahawa bado anakopa. Kabla hajafungua mdomo, mwingine akadakia: "Wewe unahangaika nini? Mpeleke bibi makazi ya wazee, atalishwa na atatibiwa!"

Wakili akamkata kauli. Makazi ya serikali, kama Nunge kule Kigamboni, Fungafunga Morogoro au Kolandoto Shinyanga, ni ya wazee wasiojiweza ambao hawana mtu wa kuwatunza. Sera ya Taifa ya Wazee ya mwaka 2003 ilisema wazi kwamba wa kwanza kumtunza mzee ni familia na jamii yake, makazi ni hatua ya mwisho. "Bibi mwenye mjukuu anayevaa viatu vya kung'aa," akasema, "hapokelewi." Kijiwe kizima kikacheka, na mimi nikacheka, lakini roho iliniuma kidogo.

Akaendelea. Sera hiyohiyo ndiyo iliyozungumzia matibabu ya bure kwa wazee wa miaka 60 na kuendelea wasio na uwezo. Lakini sera ni ahadi, na sheria ni deni. Ahadi haina mfuko wa fedha nyuma yake. Zahanati inaambiwa itibu bure, sawa, lakini kopo la dawa likiisha analijaza nani, na kwa hela ipi? Ndiyo maana bibi alipishwa mpaka dirishani, ahadi ikaishia hapohapo kwenye nondo.

Si kwamba hapakujaribiwa kitu. Mwaka 1996 kule Igunga, Tabora, ulianza kujaribiwa Mfuko wa Afya ya Jamii, na mwaka 2001 ukatungiwa sheria. Kaya ilichangia fedha kidogo kwa mwaka, ikatibiwa. Dili zuri kabisa, ila ilikuwa hiari, na hiari ya Mswahili unaijua: tunajiunga tukishaanza kukohoa. Matokeo yake mfuko unabaki na wagonjwa watupu, wazima wote wako nje wanapiga stori. Mfuko wa namna hiyo utalipa mpaka lini?

Wenzetu Zanzibar walipita njia yao. Aprili 2016 walianza kumlipa pensheni kila mzee aliyefikisha miaka 70, hata kama hajawahi kuajiriwa maisha yake yote, na mwaka 2020 wakatunga sheria ya mambo ya wazee. Huku Bara, Novemba 2023 Bunge lilipitisha Sheria ya Bima ya Afya kwa Wote. Hapo ndipo kasheshe ilipoanza kijiweni, maana sheria hiyo inataka kila mkaazi awe na bima, siyo mwenye kupenda.

"Mimi siumwi!" akasema fundi simu. "Nilipie magonjwa ya nani?"

Ya bibi yangu, rafiki. Na ya bibi yako. Bima haifanyi kazi mpaka asiyeumwa awemo. Wewe leo una miaka 24, unalipa, huumwi, hela yako inakwenda kujaza kopo la dawa za presha. Siku ikifika zamu yako, kijana mwingine ambaye hata hajazaliwa atalijaza kwa ajili yako. Najua wengi wetu hatuna karatasi ya mshahara, tunaishi kwa kubangaiza, na hela ya bima inauma kama jino. Hilo si la kudharau, na wenye mamlaka walitazame. Lakini kusema "siumwi" si hoja, hiyo ni bahati tu.

Sasa sikiliza utamu wenyewe. Sheria hiyo iliweka mfuko wa kuwalipia wasio na uwezo, na katika vyanzo vyake vilivyotajwa wamo watu tunaowafahamu: soda, pombe, vipodozi na michezo ya kubahatisha. Umeelewa? Soda yako ya baridi, bia yako ya Ijumaa, losheni ya shemeji yangu na ule 'mkeka' wako unaochanika kila wikiendi, vyote vinaweza kuchangia dawa ya bibi wa mtu. Mkeka ukichanika tena, usilie sana!

Ila kuna mtego. Mzee na asiye na uwezo si neno moja. Bibi yangu ana nyumba ya bati na minazi saba, je, anahesabika hana uwezo? Asipotambuliwa, mwenye kulipa ni mimi. Kwa hiyo niliporudi kijijini jana nilikwenda ofisi ya kijiji na bibi, tukauliza jina lake limeandikwa wapi na tarehe yake ya kuzaliwa imeandikwaje, maana wazee wetu wengi walizaliwa 'mwaka wa njaa' na cheti hawana. Nenda na wewe. Usingoje simu ya saa mbili asubuhi.

Nilimweleza bibi habari za soda. Akafikiri, akacheka mpaka kanga ikamvuka.

"Basi kunywa, mume wangu," akasema. "Lakini dawa za mwezi ujao niletee kwanza."

Nimeshazinunua. Haya, tukutane wiki ijayo panapo majaliwa, na ukifika kwenu nisalimie bibi.